Kaburi la Kwanza la Makokha

Kila Jumapili, ibada ikishaisha na sufuria zikishaoshwa, Peris huenda vitani. Haendi mbali. Huvuta kiti chake karibu na televisheni aliyonunuliwa na bintiye Fridah, hufunga pazia la dirisha linalotazama barabara ya Matisi ili jua lisipige kioo, halafu humngoja Chepkosgei. Bila Chepkosgei vita havianzi.

"Mama Fridah, umeanza bila mimi?"

"Ningeanzaje? Nani angeniambia huyu ni Mjapani na huyu ni Mwingereza?"

"Wewe hata Mwingereza humjui. Juzi ulimlilia Mjerumani filamu nzima."

"Alikuwa na baridi," Peris hujibu. "Mtu akiwa na baridi siangalii kabila."

Hapo humiminwa chai, miguu ikanyooshwa, na mizinga ikaanza kunguruma katika sebule ndogo ya Kitale, wajukuu wa jirani wakidhani bibi hawa wawili wana kichaa cha aina yao.

Peris ana miaka sabini na mitano. Alizaliwa Kabuchai, akaolewa Kitale, na maisha yake yote ya kazi aliyapitisha nyuma ya cherehani akishona sare za shule. Hata sasa hawezi kutazama askari wa zamani akikimbia na bunduki bila kusema kwamba kaptula yake ilikatwa na fundi mvivu. Chepkosgei anamzidi kwa miaka saba. Yeye ni wa Kapsokwony, mlimani, na walijuana sokoni zamani, mmoja akiuza viazi na mwingine akitafuta mtu wa kupunguziana naye umbea. Kilichowashika pamoja hakikuwa viazi. Wote wawili ni mabinti wa askari wa Keya, lile jeshi la mkoloni lililokusanya vijana wa huku na kuwapeleka Bama, kule Asia, kupigana na watu ambao hakuna mtu wa Bungoma wala wa Elgon aliyewahi kugombana nao.

Baba yake Peris, Makokha, alirudi. Baba yake Chepkosgei hakurudi. Alimwacha mwanawe tumboni, hakuacha picha, hakuacha kofia, hakuacha chochote.

"Nilimwuliza mama alikuwa anafanana vipi," Chepkosgei humwambia Peris karibu kila Jumapili, naye Peris husikiliza kana kwamba ni mara ya kwanza. "Akasema, mrefu, mweusi, hana meno mawili ya chini. Sasa hapo si amenieleza mlima mzima? Mimi hata sijui namtafuta nani, bana. Labda nimeshamwona kwa hiyo televisheni yako nikamwacha apite."

Peris anajua anamtafuta nani, ila siku hizi uso wenyewe unamtoroka. Makokha hakupenda kupigwa picha. Ile moja ya kitambulisho ilirudi serikalini alipokufa, kama vitambulisho vyote vya marehemu, na Peris alikuwa na haraka za msiba, hakufikiria kuizuia. Anakumbuka sikio la baba yake. Anakumbuka kisogo, na namna alivyopiga kikohozi kidogo kabla ya kuingia nyumbani. Uso, akiufikia, huwa kama sura ya mtu aliyeketi upande wa pili wa moshi. Ndiyo maana anatazama. Anajiambia kwamba siku moja kamera itampita kijana mmoja wa Keya akivuka mto, naye atasema, huyo.

Kamera hazina haraka ya kufika huko. Filamu hizi hutaja majina ya majenerali na ya mito, na moja ilitaja hata jina la mbwa wa ofisa, tena kwa huzuni, kwa kuwa mbwa huyo alikufa. Waafrika hupita nyuma yao wakiwa wamebeba mizigo. Hupita kwa dakika chache, bila jina, halafu muziki hubadilika na ofisa mwingine huanza kukumbuka.

"Mbwa amezikwa vizuri," Chepkosgei alisema siku ile.

Jumapili moja ya Machi, mvua ya kwanza ikiwa imelowesha Kitale tangu asubuhi, mtu alibisha mlangoni kabla hata chai haijamiminwa. Alikuwa Wakhungu, mtoto wa kaka yake Peris, mwanamume wa miaka hamsini anayelima shamba la nyumbani Kabuchai. Alikuwa amekuja na gunia la viazi vitamu na kuku jike mwenye miguu iliyofungwa. Kando ya mlango wa Peris kuna debe la udongo lenye vijiti vinne vilivyochomekwa, mahali anapokausha viatu vyake vya bustani kwa kuvigeuza kichwa chini. Chepkosgei humtania kila mara kwamba viatu vyake vinasimama kwa kichwa kama watoto watundu. Wakhungu alivua gambuti zake zilizojaa matope, akazitundika kwenye vijiti viwili bila hata kutazama, akaingia miguu mitupu.

Peris alimtazama kuku, akajua kuna neno.

"Senge, habari za siku nyingi?" Wakhungu alisalimu, akiinama kidogo kama inavyompasa mtu mbele ya shangazi yake. Kisha akamgeukia mgeni, akamwita bibi kwa lugha ya mlimani. "Na kogo, hujambo?"

"Sijambo, kijana," Chepkosgei alisema. "Kuku huyo amekuja kusalimia au amekuja kutubembeleza?"

Wakhungu alicheka, lakini hakukaa vizuri kitini. Alisugua magoti. Mambo mengine hayasemwi kwa simu, na kwao shangazi wa boma haambiwi jambo la boma na mtu wa kando.

"Senge, trekta inakuja Jumanne. Nataka kulima lile shamba la juu lote, nipande miwa mpaka kwa mpaka."

"Vizuri."

"Sasa kuna ile migomba."

Peris aliweka kikombe chini.

"Inakatiza mistari," Wakhungu aliendelea, akiharakisha. "Dereva amesema hawezi kuzungukazunguka pale kama mtu anacheza ngoma. Nikaona nisiitoe kabla sijakuja kukuambia. Si unaona nimekuja?"

"Nimeona umekuja. Lakini lile ni kaburi."

"Senge, kaburi la Kuka lina saruji na msalaba. Desemba nimelipaka chokaa mwenyewe. Pale kwa migomba hakuna mtu."

Hapo alisema kweli. Kuka, babu yake, ndiye Makokha, na amelala chini ya saruji. Pale hakuna mtu, na hajawahi kuwepo.

Kwa Wabukusu, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, haachwi hivi hivi. Hukatwa shina la mgomba, likavishwa shuka, likalazwa kaburini na kuliliwa kama yeye. Vita vilipokuwa vimekolea, mtu wa Malakisi alirudishwa kutoka Bama akiwa na jeraha la bega, akapita Kabuchai na kusema kwamba alimwona Makokha akibebwa na maji wakati kikosi kilipovuka mto. Wazee wakakaa, wakasema azikwe. Mama yake Makokha, Nasambu, alikubali kila kitu isipokuwa kimoja. Alisema hakuna panga litakalomgusa mwanawe. Kabla hawajamjibu, alikwenda na jembe, akang'oa mgomba mchanga mzimamzima na mizizi yake, akauviringisha katika blanketi alilolalia Makokha alipokuwa mtoto, akauleta mikononi. Wazee walimwogopa mwanamke yule katika hali ile. Walimwachia.

Hata mtoto wa Kabuchai anajua kosa lilikuwa wapi. Mgomba wenye mizizi ukiufukia udongoni kabla ya mvua, umeupanda. Shimo lenyewe halikuwa refu, na mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Kaburi la Makokha likachipua. Wazee walitaka kulifyeka, wakisema mambo yameharibika, lakini Nasambu alichukua kigoda akaketi kando yake na jembe mapajani, akaketi vile asubuhi na jioni mpaka wakachoka kuja.

Vita viliisha, na siku moja Makokha alishuka treni Bungoma akatembea mpaka nyumbani na sanduku kichwani. Watu walimkimbia njiani. Nyumbani hakuna aliyempa mkono, kwa sababu mtu aliyekwisha kuliliwa haingii tu kwa mlango kama aliyetoka dukani. Ilibidi kondoo achinjwe, ukuta wa nyuma utobolewe, apite hapo kama anayezaliwa upya, ndipo mama yake akaruhusiwa kumshika. Kesho yake wakampeleka kuona kaburi lake. Mgomba ulikuwa umezaa, una watoto wake pembeni. Walisema alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikaisha, naye hakuinuka. Mzee mmoja alipoleta jembe ili wauondoe mkosi ule, Makokha alimzuia.

"Uacheni," alisema. "Wale niliowaacha kule hawakupata hata mgomba."

Hayo Peris aliyasikia kwa bibi yake Nasambu, maana baba yake hakusimulia vita. Aliyoyaona yeye mwenyewe ni haya: mkungu ukikomaa, baba yake hakuupeleka sokoni hata mwaka wa njaa. Aliukata, akauacha uive ghalani, akaita watoto wa mtaa mzima. Kabla hawajagusa, alimenya ndizi moja, akaiweka juu ya udongo kati ya migomba, akataja majina. Yalikuwa majina ya Kikamba, ya Kinandi, ya Kinyasa, majina ambayo ulimi wa mtoto wa Kabuchai haukuyaweza. Peris alikuwa akitazama ndizi, si midomo ya baba yake. Leo angetoa cherehani yake kwa jina moja tu kati ya yale. Anakumbuka utamu wake, ndizi fupi nene zenye ngozi nyembamba, na baba yake akicheka watoto wakigombania ile ya mwisho, na koti lake la kijeshi ambalo alimpa Peris alifumue ili ajifunze kushona. Koti lile lilizaa suruali mbili za kaka zake. Walizivaa mpaka zikaonyesha magoti, na hakuna aliyefikiri kuhifadhi hata kifungo kimoja.

"Senge," Wakhungu alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Usikasirike. Hiyo hadithi nimeisikia tangu nikiwa mdogo. Lakini tuseme ukweli. Kuka alienda huko kweli? Kuna mzee wa Chwele aliniambia Kuka alikuwa mpishi wa kambi hapa hapa Kenya, hakuvuka maji yoyote. Hakuna medali, hakuna karatasi, hakuna picha. Mimi niambie dereva azunguke kwa sababu ya nini?"

"Medali tuliichezea mimi na baba yako. Ikapotelea kwenye shamba la wimbi."

"Unaona sasa."

Peris aliogopa. Kilichomtisha hakikuwa Wakhungu. Kilichomtisha ni kwamba migomba ile ikishafukuliwa, yeye mwenyewe angebaki na nini cha kumshikia baba yake? Sikio na kikohozi. Angekufa navyo, na baada yake Makokha angekuwa saruji yenye chokaa, kama mtu yeyote aliyewahi kukaa nyumbani kwake.

Chepkosgei hanyamazi hata kanisani. Sasa alinyoosha mkono akachukua rimoti.

"Kijana, kunywa chai. Trekta ni Jumanne, leo ni Jumapili, na mimi sikupanda bodaboda kwa mvua nije kutazama kuku."

Kwa heshima Wakhungu hakuweza kuondoka. Akashika kikombe. Filamu ilianza, ya Bama kama walivyoitaka, picha nyeusi na nyeupe zilizokwaruzika kama mvua ya ndani. Msimulizi Mwingereza aliongea kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba. Akaonyesha ramani. Akaonyesha ofisa akinyoa ndevu. Chepkosgei akasogea mbele kitini kama afanyavyo nyuso nyeusi zinapokaribia, na kweli zikaja: kambi kando ya mto uliofurika, mianzi, turubai, na vijana wa Keya wameketi wakijifunga vitambaa miguuni. Mmoja alikuwa amechuchumaa, mgongo kwa kamera. Alichomeka kijiti kwenye matope, akakiegemeza nje kidogo, akageuza kiatu akakivalisha kijiti kichwa chini. Akachomeka cha pili. Nyuma yake kulikuwa na mstari mrefu wa viatu vilivyogeuzwa hivyo hivyo, jozi kwa jozi, mpaka mwisho wa picha.

Halafu ofisa mwingine akaja.

"Rudisha," Wakhungu alisema.

"Nini?"

"Kogo, rudisha nyuma kidogo. Hapo."

Chepkosgei akarudisha. Kijiti, kiatu, kijiti, kiatu. Wakhungu alikuwa amesimama, kikombe bado mkononi.

"Anasema nini huyo mzungu?" Peris aliuliza.

"Anasema mvua ilikuwa haiishi. Anasema kulikuwa na ruba, wale wa kunyonya damu, usiku wanaingia ndani ya viatu. Mtu akivaa asubuhi..." Hakumaliza. Aliweka kikombe juu ya kabati, akaenda mlangoni, akaufungua. Gambuti zake zilikuwa pale juu ya vijiti, zimeegemea nje kidogo, matope yakidondoka. Alizitazama kana kwamba ni za mtu mwingine.

"Senge, mke wangu hunicheka," alisema bila kugeuka. "Hata majirani. Wanasema ukitaka kwetu, uliza kwa watu wa viatu kichwa chini. Mimi huwaambia ndivyo tulivyolelewa. Kuka alikuwa anapita kila jioni na fimbo. Ukiacha kiatu kimesimama, hulali. Na Kabuchai hakuna ruba."

"Nilimwuliza mara moja kwa nini," Peris alisema. "Akaniambia kuna wadudu wanaokunywa damu. Nikafikiri anasema kupe."

Alikuwa anatazama televisheni. Chepkosgei alikuwa amesimamisha picha pale kwenye mgongo wa yule kijana. Haikuwa lazima awe Makokha. Walikuwa wengi, na wote walikuwa na ruba wale wale. Lakini kisogo kilikuwa kisogo cha kijana, na mkono ulishika kijiti kwa vidole vitatu, na Peris akasikia kile kikohozi kidogo nje ya mlango wa zamani, kisha uso wote wa baba yake ukatoka katika moshi, mdomo na mashavu na lile kovu la juu ya nyusi alilokuwa amelisahau kabisa, ukakaa.

Alishika ukingo wa leso yake akafuta macho, taratibu, bila kumjali mtu.

"Si ungegeuka kidogo tu," Chepkosgei alimwambia yule mtu wa kwenye kioo. "Si ungegeuka tukuone."

Jumanne, Chepkosgei alisema hawezi kubaki Kitale wakati trekta inacheza ngoma. Wakaenda wote wawili Kabuchai. Dereva, kijana mwenye kofia ya Asenali, alilalamika na kupiga honi, akauliza ni mzimu gani huu unaokula ndizi, lakini alizunguka. Wakhungu alitembea mbele ya trekta na fimbo, akimwonyesha mahali pa kukata kona, mbali kidogo kuliko ilivyohitajika. Mistari ya miwa itakuwa na kigugumizi pale katikati. Alisema atakayeuliza atamweleza mwenyewe.

Migomba ilikuwa imejaa, mikubwa na watoto wao, majani yakipigana na upepo wa mvua. Chepkosgei aliingia katikati akakaa juu ya jiwe. Peris alimenya ndizi moja akaiweka chini kama alivyokuwa akiona. Hakuwa na majina ya kutaja.

"Wa kwenu aliitwa nani?" aliuliza.

"Arap Kiplangat. Kipngetich arap Kiplangat."

Peris akalitaja. Akalitaja tena, taratibu, ili ulimi ulizoee.

Kisha akaomba jembe. Alichagua mgomba mchanga uliokuwa pembeni, wenye urefu wa kiuno, akaanza kuchimba kuuzunguka. Wakhungu alikuja na panga ili amkatie upesi.

"Weka hiyo chini," Peris alisema. "Huu unatoka na mizizi yake yote."

Ikawabidi wapige magoti wote wawili, shangazi na mpwa, wakichokora udongo kwa vidole mpaka ukaachia. Chepkosgei alivua leso yake ya pili, akaupokea, akaufunga kuanzia chini kama mtu anavyofunga mtoto, akauweka mapajani. Mlimani kwao hawana desturi ya kumzika asiyerudi kwa mgomba, na hakuuliza kama inaruhusiwa.

"Utazaa lini?" aliuliza.

"Ukiuweka ardhini na mvua hii, mwaka ujao, au zaidi kidogo."

Chepkosgei akairekebisha leso isilowe.

"Basi nitangoja," alisema. "Hiyo kazi naijua."